Mgongo wa Mzee Jailosi

Nyumba ya Wazee Mwenje,
Kwekwe.
Jumapili, 12 Januari 1997

Shangazi Ottilia mpendwa,

Nimeandika uongo kwenye fomu ya Baraza ya kupima nyumba za wazee, na hakuna mtu mwingine anayejua. Nilitaka kumwambia mama, lakini mama angemwambia baba, na baba angenishika mkono mpaka mbele ya Matroni nikaungame. Unanijua mimi. Mbele ya watu wawili tu sauti inakatika. Kwa hiyo nakuandikia wewe.

Kazi hii ni wewe uliyenitafutia, na fomu unaijua kuliko mimi. Maswali thelathini na moja kwa kila mzee, na wazee wetu hapa Mwenje ni ishirini na watatu. Unashiba? Maji ya kuoga yana moto? Kuna anayekufokea? Hayo niliyaweza. Nilipiga magoti kando ya kila kitanda, nikasalimia kwa adabu, nikauliza polepole, wakanijibu.

Lakini lipo swali la ishirini na mbili. Mhoji aangalie kwa macho yake mgongo, makalio na visigino vya mzee, aandike kama kuna vidonda vya kulalia. Kwa mabibi haikuwa shida, nesi wetu Sista Winnet alinishikia shuka. Kwa mababu wanane nao nilipita salama, kwa sababu wale ni babu zangu na mimi ni mjukuu wao. Mmoja alisema mgongo wake hauonwi bure, nimlipe sukari. Tulicheka.

Wa tisa ni Mzee Jailosi. Yeye alitoka Nyasaland, Malawi ya sasa, akiwa kijana, akachimba dhahabu hapa miaka thelathini na moja, na kwao hakuna aliyewahi kumfuata. Siku yangu ya kwanza aliniuliza ukoo wetu ni watu wa mnyama gani. Nikasema Nyati. Shangazi, aliinuka akakaa kitandani kama mtu aliyeitwa jina lake. Akasema, "Mimi pia ni Nyati. Basi wewe ni binti yangu." Tangu siku ile ananiwekea karanga kwenye kikombe, na mimi namwita baba.

Jumanne nilifika kwenye swali lile.

"Endelea," akasema. "Linalofuata?"

"Linalofuata ni la mgongo, baba."

"Mgongo umefanya nini?"

"Karatasi inataka niuone."

"Hiyo karatasi haina baba?" akasema.

Nilitazama chini.

"Andika mzima," akasema. "Andika mgongo wa Jailosi umebeba mawe ya wazungu na bado uko palepale."

Nikaandika: Hakuna kidonda.

Sista Winnet alikuwa korido ya pili. Ningeweza kumwita, hata kumwuliza tu. Na tena, Mzee Jailosi alipojigeuza kuchukua kikombe nilimwona akikunja uso na kuuma mdomo. Nililiona hilo na sikuliandika.

Fomu zimeshaondoka. Niambie kama nimefanya jambo baya sana au baya kidogo. Usimwambie baba.

Binti yako,
Raviro


Nyumba ya Wazee Mopani,
Gwanda.
24 Januari 1997

Raviro wangu,

Wewe mtoto utaniua! "Hakuna mtu mwingine anayejua." Nikajua mimba. Nilisoma mistari ile jikoni nimesimama, sufuria la uji mkononi, nahesabu miezi tangu Krismasi. Kumbe ni mstari mmoja wa kalamu.

Sikiliza. Ulichofanya ndicho ambacho msichana yeyote wa kwetu aliyelelewa angefanya. Mimi mwenyewe sijawahi kumwona baba yako bila shati tangu aanze kuota ndevu, na ni kaka yangu. Wanaotunga zile fomu wanakaa Harare kwenye viti vya kuzunguka. Kama walitaka migongo ya wazee ionwe, wangetuma daktari.

Msichana aliyekuja kwetu hakuona haya. Alifunua shuka zote, akahesabu wazee kumi na mmoja wenye vidonda, akatoka nje akatapika juu ya maua ya Matroni. Sikumlaumu. Mimi na wahudumu wanne tuna wazee thelathini na nane, na nesi wetu mmoja amebaki mifupa. Yupo bibi mmoja hapa, Bibi MaDube, nikimgeuza ananishika kidole na kuomba nimwache afe upande ule ule. Tumeomba nesi wa pili miaka mitatu. Utaratibu wa Baraza ni huu: nyumba yenye vidonda husaidiwa kwanza, isiyo na vidonda huhesabiwa imetosheka. Huenda safari hii wakatukumbuka.

Basi usijisumbue. Mzee wako ana Sista Winnet, na nesi hahitaji fomu ili kuona kidonda. Usiandike chochote kwa Baraza. Wakianza kufukua watasema nyumba nzima ilidanganya, na wa kwanza kubebeshwa ni wewe.

Siri yako ninayo. Kula vizuri. Matokeo ya mtihani yakitoka niandikie siku hiyo hiyo.

Shangazi yako,
Ottilia


Mwenje, Kwekwe.
Jumapili, 16 Februari 1997

Shangazi mpendwa,

Majibu ya Baraza yametoka. Mwenje tumepata alama tisini na nne, wa kwanza kati ya nyumba zote sita. Matroni alipika wali na kuku, akabandika cheti ukutani kwenye chumba cha kulia. Aliniita mbele ya wote akasema mwandiko wangu ni mzuri, nibaki kama mhudumu mpaka matokeo ya shule yatoke. Walipiga makofi. Nilitaka kujificha nyuma ya pazia.

Jumatano gari la Baraza lilikuja kumchukua Sista Winnet.

Walisema nyumba isiyo na kidonda inaweza kuishi na nesi mmoja. Anapelekwa kusini, hawakusema wapi, ambako hali ni mbaya. Alikuwa na sanduku moja na mwavuli. Aliagana na kila mzee, na kwa Mzee Jailosi alikaa sana, mlango umefungwa. Alipotoka aliniangalia kama anayetaka kuniuliza kitu. Dereva akapiga honi.

Sasa tumebaki na nesi mmoja tu, Sista Dadirai, na bega lake moja halinyanyuki. Wengine sote ni wasichana. Mzee Jailosi hakubali kuguswa na msichana. Alikuwa anamkubali Sista Winnet kwa sababu ya kofia yake nyeupe, anasema mwenye kofia ile si mtoto wa mtu. Leo asubuhi mwenzangu Molline alimpelekea beseni.

"Nimeshaoga," akamwambia.

"Umeoga saa ngapi, mzee, na beseni ndilo hili?"

"Nimeoga moyoni. Ondoka na maji yako, wewe ni binti yangu."

"Mimi ni wa Simba, si binti yako!"

"Una umri wa binti yangu. Nenda, mama."

Sista Dadirai humfikia mara mbili kwa wiki, akiwa amechoka, naye humjibu kuwa mgongo upo ulipokuwa. Halali tena kwa ubavu. Karanga hali. Anaziweka tu kwenye kikombe, nikija ananipa.

Juzi nilipokuwa nambadilishia maji ya kunywa nilisikia harufu. Si ya mkojo. Ile nimeizoea. Nikaenda nikafungua dirisha. Hicho tu ndicho nilichofanya, Shangazi. Nilifungua dirisha.

Nimeandika barua kwa Baraza kueleza kuwa swali la ishirini na mbili la Mzee Jailosi sikuliona kwa macho, waje wamwangalie, wamrudishe Sista Winnet. Nimeiweka ndani ya Biblia. Niambie ndiyo, kesho yake nitaipeleka posta.

Binti yako,
Raviro


Mopani, Gwanda.
27 Februari 1997

Raviro,

Subiri. Usiipeleke.

Harufu inaweza kuwa ya kitu chochote. Godoro la zamani linanuka, mzee asiyeoga ananuka. Usiandike kwa watu wakubwa juu ya kitu ambacho hujakiona, safari hii kwa upande wa pili. Uone kwanza.

Na njia ya kuona ipo. Mama yako ni wa Simba. Mwanamume yeyote wa Simba, hata wa kuokotwa njiani, ni babu yako, na mjukuu anaweza kumwosha babu yake, kumnyoa, kumtukana na kumnyang'anya tumbaku. Huyo mzee unyati wake ni wa kupewa, si wa kuzaliwa. Watu wa Nyasaland migodini walipewa wanyama na marafiki zao. Mwombe akae Simba saa moja tu, umwoshe, kisha arudi alikotoka. Mcheke naye, asione ni jambo kubwa.

Huenda utakuta mkwaruzo. Ukikuta mkwaruzo, upake mafuta na uichane ile barua.

Huku kumetulia kidogo. Bibi MaDube jana alikaa mwenyewe kitandani, akaniomba maharage ayachambue. Sikuwa nimemwona ameketi tangu Septemba. Nilikwenda stoo nikalia kama mjinga.

Mwanangu, subiri barua yangu nyingine kabla hujafanya lolote. Nakuomba.

Ottilia


Mopani, Gwanda.
5 Machi 1997

Mpendwa Raviro,

Usishangae kupata barua yangu. Nilipoondoka sikupata nafasi ya kusema nawe, kisha nikafika huku nikazama kwenye kazi. Leo ndiyo mara ya kwanza nimekaa na kalamu.

Nimeletwa Mopani, na mhudumu mkuu wa hapa kumbe ni shangazi yako! Nilimwambia juzi kwamba Kwekwe kuna msichana mpole anaitwa Raviro, akasema ni damu yake. Ni mwanamke wa kazi. Wiki ya kwanza hakuniacha hata ninywe chai, ananivuta kitanda hadi kitanda.

Nakuomba jambo moja. Mzee Jailosi alikuwa na kidonda mgongoni chini kabisa, ukubwa wa kifuniko cha chupa, nilikuwa nakisafisha kila asubuhi. Sijui ilikuwaje karatasi ikasema hakuna. Huenda nilipaswa kuwepo siku ile. Mkumbushe Sista Dadirai asikiache, maana kidonda cha pale kikiachwa wiki tatu hakirudi nyuma. Shangazi yako nilipomweleza alisema atakuandikia, lakini nimeona nikuandikie na mimi, barua hupotea.

Wasalimie wazee wote.

Sista Winnet


Mwenje, Kwekwe.
Jumapili, 16 Machi 1997

Shangazi,

Barua ya Sista Winnet haikupotea.

Nilikaa nayo siku mbili. Niliisoma tena yako ya tarehe 27, mstari wa Bibi MaDube na maharage. Nilikuwa nimefurahi sana nilipousoma mara ya kwanza. Nilimsimulia Molline.

Sitaki kukuuliza kwa nini. Nitakueleza nilichokiona, kwa sababu ulisema nione kwanza.

Jumatano nilikwenda kwa Mzee Jailosi na beseni, nikakaa kitandani badala ya kupiga magoti. Alishtuka. Nikamwambia kama ulivyonifundisha, kwamba mama yangu ni wa Simba, na ninamwomba awe Simba kwa saa moja. Sikuweza kucheka, Shangazi. Nilijaribu. Maji yalimwagika kitandani.

Akanieleza jinsi alivyoupata unyati. Mgodini walilala wanne chumba kimoja, na rafiki yake mmoja, Zivanai, alimwambia mtu asiye na mnyama atazikwa kama mbwa. Akamgawia wake. Walinunua pombe, wakaita chumba kizima kushuhudia. Zivanai alifukiwa na mwamba mwaka uliofuata, na Jailosi ndiye aliyekwenda kumwambia mama yake. Yule mama alimpokea kama mtoto.

"Saa moja haitoshi," akasema. "Mnyama si koti, mtu avue na kuvaa. Nikiwa Simba nitakuwa Simba basi, mpaka mwisho."

"Na Zivanai?"

"Zivanai nitaonana naye karibuni. Tutagombana huko huko."

Akafumba macho. Alipoyafungua sauti yake ilikuwa nyingine kabisa. "Haya, mke wangu! Mbona umenuna? Njoo uone mali uliyoolewa nayo."

Nilimgeuza. Nilidhani shuka limenatana na ngozi, nikalivuta polepole na maji. Halikuwa shuka. Shangazi, ngumi yangu ingeingia mle ndani. Katikati niliona kitu cheupe, nikadhani ni pamba iliyosahauliwa na Sista Winnet, nikataka kuitoa. Nikamwita Sista Dadirai. Akaninong'oneza kwamba ni mfupa.

Mzee alikuwa amelalia uso, anaendelea kutania. "Vipi, mke wangu, mahari inatosha?" Nikasema inatosha, babu. "Sema kweli, wewe mwenye kalamu." Nikasema inatosha. Mikono yangu ilikuwa haisikii tena joto la maji.

Tulimpeleka hospitali ya mji. Walimsafisha, wakamrudisha jioni, wakasema hawana kitanda, asafishwe na nesi mara mbili kwa siku na ageuzwe kila baada ya saa mbili. Sista Dadirai alisikia maneno hayo akaangalia bega lake.

Barua ya Baraza niliiandika upya. Nimewaeleza yote, kwamba mimi ndiye niliyedanganya, si Matroni, na si Sista Winnet. Niliipeleka posta Ijumaa. Hii yako naituma leo makusudi, ili ikufikie wakati huwezi tena kuniambia nisubiri.

Nisamehe kwa kuandika hivi.

Raviro


Mopani, Gwanda.
Ijumaa, 4 Aprili 1997

Raviro mwanangu,

Nilianza barua hii mara tatu. Mbili za kwanza nilikuwa nakugombeza, nikazitia motoni.

Nilijua. Sista Winnet alishuka kwenye gari na mwavuli wake, akataja Kwekwe, akataja Mwenje, nami nikajua pale pale kwenye ngazi kwamba aliyetuletea nesi ni kalamu yako. Wiki iliyofuata ikaja barua yako ya Februari. Niliiweka ndani ya aproni siku nne. Kila nilipotaka kukujibu "ipeleke", nilipita kwenye kitanda cha Bibi MaDube.

Nikajidanganya kwamba mzee wako ana mkwaruzo. Hata baada ya Winnet kuniambia cha kifuniko cha chupa, nikajiambia vifuniko vya chupa ni vidogo. Mimi, niliyegeuza wazee miaka kumi na sita! Ningekuwa nimesikia mhudumu wangu akisema hivyo ningemfukuza.

Nilikupa ile hila ya Simba nikitumaini mzee atakataa. Hilo nalo nakwambia, tuwe tumemaliza.

Baraza wamejibu. Sista Winnet anarudi kwenu Jumatatu. Ameshafunga sanduku. Leo alinifundisha namna ya kujaza shashi ndani ya kidonda kirefu, nami nimejifunza kadiri nilivyoweza, lakini mikono yangu ni miwili. Bibi MaDube anauliza kama yule nesi anakwenda likizo. Nimemwambia ndiyo.

Wamesema pia nyumba yenu itapimwa upya, halafu ndipo waamue nani anabaki na nesi. Huenda wakakupa wewe kalamu tena. Wakikupa, andika unachokiona, basi. Usiniangalie mimi, usiangalie mtu. Tungekuwa tumefanya hivyo tangu Januari, mimi na wewe, tusingefika hapa.

Msalimie babu yako Simba. Mwambie dada wa baba yako anamwomba radhi, bila kumweleza ya nini.

Ottilia


Mwenje, Kwekwe.
Jumapili, 20 Aprili 1997

Shangazi mpendwa,

Salamu zako hazikumkuta. Mzee Jailosi alifariki Jumamosi tarehe 5, asubuhi, wakati tunagawa uji. Sista Winnet alifika Jumatatu saa tisa mchana. Alipita moja kwa moja mpaka kitandani kwake na sanduku bado mkononi, akakuta Molline anatandika shuka safi.

Tulimzika sisi, wahudumu na wazee walioweza kutembea. Mchungaji aliuliza marehemu alikuwa wa mnyama gani. Wote wakaniangalia. Nikasema Nyati, kwa sababu Zivanai hangemtambua kwa jina jingine. Baadaye niliogopa kwamba nimemwongopea hata kaburini, kwa maana yeye alisema Simba mpaka mwisho. Sijui. Niambie wewe unayejua mambo haya.

Matokeo yametoka. Nimefaulu masomo saba. Baba amechinja kuku. Nilikula.

Sasa nakueleza lile ninalokuandikia.

Alhamisi alikuja bwana mmoja kutoka Baraza kupima nyumba upya. Alivaa tai. Alinishika mkono mbele ya Matroni, akasema kijana aliyekiri kosa lake bila kulazimishwa ni wa kuaminiwa kuliko wote, kwa hiyo nijaze mimi, yeye atatia sahihi. Akanipa fomu ishirini na mbili, kwa kuwa mzee mmoja amepungua.

Niliuliza maswali yote. Swali la ishirini na mbili niliwageuza wote, mmoja mmoja, kwa mikono yangu, mabibi na mababu. Nilitumia taa. Hakuna kidonda, Shangazi. Hata kimoja. Aliyekuwa nacho tumemzika.

Nilipofika kwa Bibi Keresenzia, yule asiyesema, niliona kisigino chake kimekuwa chekundu. Si kidonda. Nilikibonyeza na kidole kama Sista Winnet alivyotuonyesha, wekundu ukaondoka, ukarudi. Sista Winnet mwenyewe alikiona, akasema, "Huyu tukimgeuza vizuri hatapata kitu." Akainua mguu ule akauwekea mto, akaenda kwa mwingine.

Nilikaa na kalamu. Niliwaza Sista Winnet akiondoka, Sista Dadirai akibaki na bega lake, na mto ule ukianguka chini siku moja, na hakuna wa kuuokota. Nilikuwa bado nasikia harufu ile. Hata sasa nikifunga macho naisikia.

Nikaandika: Kidonda kimoja, kisigino cha kushoto, kimeanza.

Yule bwana hakuingia chumba cha mabibi. Alisimama mlangoni akatazama dari kwa heshima, akaniuliza kama ni kweli. Nikasema ni kweli. Sauti haikukatika. Akatia sahihi. Jana simu imekuja kwa Matroni kwamba Sista Winnet anabaki Mwenje mwaka mzima.

Uliniambia niandike ninachokiona. Nimeandika ninachokiogopa. Najua wewe una kumi na mmoja, wenye vidonda vya kweli, na mmoja wao najua jina lake. Sikuwasahau nilipoandika. Nataka ulijue hilo, kwamba niliwakumbuka na nikaandika hivyo hivyo.

Ukiandika mstari mmoja kwa Baraza watakuja na daktari, watatazama kisigino, na Sista Winnet atarudi kwenu wiki hiyo hiyo. Itakuwa haki yako. Mimi nakuomba usiandike. Usimwambie baba. Usimwambie Sista Winnet, ambaye anadhani amebakishwa kwa sababu ya Mzee Jailosi, na anafanya kazi kama mtu anayelipa deni. Na Bibi MaDube akikuuliza nesi wake anarudi lini kutoka likizo, usimtajie jina langu.

Binti yako,
Raviro